Sarafu ya Pembe Tisa Ilikuwa kwa Baba

Makori, mume wangu mpenzi, ndizi yangu ya Kisii iliyoivia mbali,

Mvua ya alasiri imetufukuza kutoka kwenye majani chai. Mama yako amejinyoosha kidogo chumbani, nami nimeketi kwenye kigoda karibu na mlango, albamu yako ya sarafu iko juu ya magoti yangu. Usishtuke. Nimenawa mikono, nikaikausha, nikaipepea hewani kama ulivyonifundisha. "Mafuta ya vidole huila sarafu polepole, Akinyi." Naisikia sauti yako ikisema hivyo kila ninapoifungua, na kusema kweli, siku nyingine naifungua ili niisikie tu.

Jumapili uliniuliza swali kwenye simu. Kampuni inataka uongeze mwaka mmoja huko Doha, na ukasema, "Niongeze au nirudi? Sema wewe." Nilinyamaza mpaka ukaanza kuita haloo, haloo, kama mtu aliyepoteza kuku kwenye migomba. Ulidhani mtandao umekatika. Mtandao ulikuwa mzima, mpenzi. Ni maneno yaliyokuwa yamenikwama, na unanijua, kwenye simu machozi yangu hufika kabla ya sentensi. Ndiyo maana nakuandikia. Barua hii ni ya wazi, haina siri, kwa sababu najua wenzako mnaolala chumba kimoja watataka uwasomee. Wasomee. Najua wengi wao pia wameacha wake nyumbani.

Lakini kabla sijakujibu, acha nikukumbushe tulikotoka.

Unakumbuka siku ya kwanza? Mimi naikumbuka mpaka harufu yake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne huko kwetu ziwani, karo ya chuo ikakosekana, shangazi akaniita Nyamira nimsaidie kuuza omena, dagaa wetu wa ziwani. Ekegusii nilijua salamu moja tu, bwakire buya, ya asubuhi, nami niliwasalimia watu hivyo hata jua likizama, soko lote likacheka. Wewe ulikuja kutengeneza stima kwa kinyozi jirani yetu. Ulikuwa na bisibisi sikioni kama karani mwenye kalamu. Ukanunua omena, nikakupa chenji, na badala ya kuitia mfukoni kama watu wengine, ukaanza kuigeuza moja moja na kuisoma.

"Dada, naweza kuangalia huo mkebe wako wa chenji?"

Shangazi akaruka. "Kijana, huo mkebe ni wa biashara!"

"Natafuta sarafu tu, mama."

"Nani hatafuti?" shangazi akajibu, na kinyozi akacheka mpaka akamharibu mteja.

Ulirudi siku ya soko iliyofuata. Na iliyofuata tena. Kila mara unanunua omena, kila mara unainamia mkebe ule unaonuka samaki kama nyuki kwenye ua. Shangazi alikuwa akikuona kwa mbali anapaza sauti: "Akinyi, paka wengi amekuja!" Kwa sababu alikuwa amekuuliza omena yote ile unaipeleka wapi, kwenu mnafuga paka wangapi, ukasema ni wengi. Baadaye ulinieleza kwamba mama yako hata hali omena, na ulikuwa ukiwagawia majirani njiani. Ee Mungu wangu, nilipolisikia hilo moyo wangu uliyeyuka kama mafuta ya kupikia juani! Mwanamume ananunua omena asiyoila ili asimame mbele yangu!

Ulidai ulifuata sarafu. Sawa. Lakini ulinifundisha kuzisoma, na hakuna aliyewahi kunifundisha kitu kwa sauti tamu hivyo. Ulinionyesha senti kumi ya zamani yenye tundu katikati, ukaniambia watu wengi wakati ule nguo zao hazikuwa na mifuko, wakazitunga pesa kwenye kamba. Ulinionyesha zile mpya zenye twiga na ndovu, ukanieleza kwamba Katiba ilikataza sura ya mtu yeyote kukaa kwenye pesa, ndipo wanyama wakapewa nafasi. Nikasema wanyama hawaombi kura, na ukacheka ukanitazama muda mrefu kuliko sarafu yoyote.

Zile ulizozipenda kuliko zote ni za kumbukumbu. Ulisema nchi ikifikisha umri fulani husherehekea kama mtoto, lakini badala ya kukata keki hutengeneza shilingi. Na shilingi hizo hazifungiwi kabatini. Zinatumwa sokoni kama nyingine, zikanunue chumvi na sukumawiki, sherehe zikiwa zimeibeba mgongoni na watu wengi wasijue. Nilikuwa nimeuza samaki miezi kadhaa, na sikujua kwamba sherehe ingeweza kupita mikononi mwangu.

Ikapita. Siku ile mvua ilikuwa imetufinya wote watatu chini ya mwavuli mmoja, wewe, mimi na shangazi katikati kama askari wa mpakani. Ukatia mkono mkebeni, ukatoa sarafu ya rangi mbili, ukaifuta kwa shati.

"Hii ni nini?" ukaniuliza.

"Si ni mbao?" Niliiona kama shilingi ishirini yoyote.

"Akinyi, soma."

Nikasoma. Arobaini. Shilingi arobaini! Maishani mwangu sikuwahi kusikia pesa ya arobaini. Ukanieleza ilitolewa mwaka wa elfu mbili na tatu, Kenya ilipotimiza miaka arobaini ya uhuru, na kwamba hata wakati huo baadhi ya wenye maduka waliikataa, wengine wakaipokea kama ishirini, kisha ikaanza kupotea. Mtu fulani alikuwa amempa shangazi arobaini akidhani ni ishirini. Ungeweza kunyamaza, ukanipa ishirini, ukaenda nayo. Mimi nisingejua mpaka leo. Lakini ulitoa arobaini kamili, ukaiweka mkononi mwangu, na shangazi, ambaye haamini mtu akishika pesa, akasema kwa Kijaluo kwamba huyu kijana amelelewa. Siku hiyo ndiyo niliyoanza kukupenda kwa nguvu zote. Kabla ya hapo nilikuwa nakupenda kidogo kidogo, kwa kificho.

Na tazama ulichoifanyia ile sarafu! Barabara ya Ikonge, chai pande zote mbili, wachumaji wakitutazama bila aibu. Ukasimama, ukafungua kiganja.

"Kanisani kwetu hatuvishani pete," ukasema. "Nina hii tu."

Mimi nililelewa kwenye kanisa ambalo bi harusi bila pete ni kama chai bila majani. Nilikuwa nimeiota pete tangu shule ya msingi. Lakini nilitazama kile kiganja nikasahau pete zote za dunia.

"Naomba miaka arobaini kwanza," ukasema. "Ikiisha tutakaa chini tuone."

"Na ukiniudhi mwaka wa pili?"

"Utanirudishia chenji."

Nilicheka nikalia, nikalia nikacheka, na mama mmoja kwenye chai akapiga kelele kwa Ekegusii, ukakataa kunitafsiria. Bado unanidai hiyo tafsiri... la, mimi ndiye ninayekudai.

Jioni ile ulinifungulia albamu. Arobaini ikaingia kwenye kifuko chake cha plastiki, na kifuko cha pembeni kilikuwa kitupu. Ndani yake ulikuwa umeweka kipande cha karatasi chenye mchoro wa penseli: sarafu yenye pembe tisa. Shilingi tano ya mwaka wa sabini na tatu, ukaniambia, ya manjano, nzito, yenye sura ya rais wa kwanza, iliyotolewa nchi ilipotimiza miaka kumi. Uliiona mara moja tu, picha yake, kwenye gazeti lililofungia sukari ulipokuwa mdogo. Tangu hapo umeitafuta Nyamira, Keroka, Kisii mjini, kwa makanga wa matatu, kwa wasaga mahindi, kwa wazee wa kanisa. "Tutakapofika miaka kumi ya ndoa," ukaniahidi, "itakuwa imekaa hapa karibu na mwenzake."

Nilitaka sana kukusaidia. Unakumbuka nilivyokuletea shilingi ya zamani niliyoitoa shingoni kwa mtoto wa kinyozi, imetobolewa ikatiwa uzi? Nilikuja nikikimbia. Ukaitazama kwa huruma, ukasema, "Iliyotobolewa imekufa, Akinyi. Sisi hatukusanyi maiti." Nikaona aibu, ukaninunulia mkate na soda tukasahau. Lishike hilo neno lako, mume wangu. Tutalirudia.

Kisha harusi yetu. Jamani, harusi yetu! Bado nasikia zile nyimbo. Bado naona shangazi na mama yako wakicheza pamoja bila kuelewana hata neno moja. Tukakaa pamoja majuma machache, matamu kama miwa, ndipo karatasi zako za Doha zikakamilika. Mwaka mmoja, tukasema. Pesa za kununua mabati na kufungua duka la vifaa vya stima. Mwaka ni nini? Ulinibusu mbele ya mama yako, yeye akageuka akajifanya anatazama ng'ombe.

Mwaka ni kitu kikubwa sana, mpenzi. Hakuna aliyeniambia.

Nimejifunza kuchuma chai. Vidole vyangu vimekuwa vyeusi nchani, na mama yako huvisifu. Tunaongea kwa Kiswahili chake na Ekegusii changu, vyote viwili vinachechemea. Nikisonga ugali laini hunicheka akasema huu ni uji wa ziwani. Ananipenda, usiwe na wasiwasi. Lakini sarafu zako anaziita "pesa isiyoliwa", na albamu yako hakuwahi hata kuigusa. Majuzi nilikukumbuka kupita kiasi, nikaileta jikoni, nikaanza kumweleza moja moja kama ulivyonieleza mimi. Alikuwa akikata mboga za chinsaga, anaitikia ee, ee, bila kutazama. Tulipofika kwenye kile kifuko kitupu, akauona ule mchoro wa penseli. Kisu kikasimama.

"Eyo?" akasema. "Hiyo iko kwa baba. Ogembo."

Mpenzi, nilidhani sikio langu limenidanganya. "Kwa baba yako, mama?"

"Ee. Kwa baba. Iko siku mingi."

"Na Makori hajui?"

"Hajaniuliza. Yeye anauliza makanga."

Nilitaka kukupigia papo hapo, kisha nikasema la, nitaishika mkononi kwanza. Usiku huo nilikuwa na furaha na pia nilikukasirikia kidogo. Umeniambia mara nyingi habari za nyanya wa Ogembo, ambaye hakuja harusini kwa sababu ya miguu. Lakini hukuniambia kwamba babu wa Ogembo bado yu hai! Ningemwendeaje mzee mikono mitupu? Mama yako akanipa ndizi, lakini ndizi hutolewa kwa kila mtu. Nikapitia Kisii mjini nikamnunulia babu kofia. Kofia nzuri ya kizee, ya kahawia, yenye utepe. Nikaichagua kwa makini, nikimwazia mzee mwenye masikio kama yako.

Nilipofika nilimkuta mama mzee mnene amenyoosha miguu uani, anachambua maharagwe. Nikapiga magoti nikamsalimia, bwakire buya, na saa nane ilikuwa imepita.

"Asubuhi ya wapi?" akaniuliza kwa Kiswahili. "Wewe ndiwe yule wa omena?"

"Ndiyo, nyanya. Nimekuja kumwona baba."

"Haya, umeona."

Nikatazama mlangoni. Hakuna mtu. "Baba yuko ndani?"

"Baba ni mimi."

"La, nyanya, namtafuta baba. Baba mwenyewe. Mwanamume."

"Nimekwambia baba ni mimi! Unataka wangapi?"

Tukatazamana. Kisha macho yake yakaanguka kwenye ile kofia mkononi mwangu, na nikaona kicheko kikimpanda kutoka tumboni. Mume wangu, ulinifundisha "nakupenda" kwa lugha yenu, ukanifundisha kuomba maji na kuwafukuza mbwa. Lakini hukuniambia kwamba kwa Ekegusii baba ni mama! Kwamba baba mzazi ni tata! Mbele yangu ulimwita mama yako "mama" kwa ajili yangu, na mimi nikabaki gizani. Nilikuwa nimemletea nyanya yako kofia ya mwanamume, na tata mwenyewe alizikwa zamani kwenye migomba nyuma ya nyumba. Nilitaka ardhi ifunguke. Yeye aliichukua ile kofia, akaivaa juu ya kitambaa chake, akaita jirani kupitia uani: "Njoo uone! Nimeletewa mume wa kichwani!" Aliivaa muda wote niliokuwa pale. Alikula nayo. Aliomba nayo, kisha akakumbuka akaivua kabla ya amina.

Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha mama yako. Anasema ni cha bandarini, kimeshika kutu tu. Nilipomweleza kilichonileta, aliacha kucheka. Akaniomba nimletee kopo la majani ya chai kutoka kwenye rafu. Akatia kidole, akavuta uzi mweusi, na mwisho wa uzi ndiyo hiyo ikatoka.

Pembe tisa, Makori. Nilizipapasa moja baada ya nyingine huku nimefumba macho. Ni ya manjano kama chai ya maziwa. Sura ya upande mmoja imebaki kivuli tu, na upande wa pili umelika kwa jasho mpaka umekuwa laini kama sikio. Na karibu na ukingo kuna tundu.

Ndiyo. Imetobolewa. Nililiona tundu lile nikasikia sauti yako: imekufa, Akinyi. Nadhani uso wangu ulinisaliti, kwa maana aliniuliza, "Nini? Haitoshi?"

Sasa nisikilize, kwa sababu haya hakuwahi kukuambia. Nyanya alipoolewa, mama yake mzazi alikuwa bado na ebitinge, zile pete za chuma ambazo wanawake wa Kigusii walivishwa miguuni siku ya ndoa, na hawakuzivua mume akiwa hai. Yeye naye alizitaka. Kanisa likakataa. Pete za kidoleni, zimekatazwa. Za miguuni, zimekatazwa. Babu yako akaona anavyonung'unika. Alikuwa ameanza kazi ya kupakua mizigo Mombasa, na mwaka ule wa sabini na tatu akalipwa mshahara ukiwa na hiyo sarafu mpya ndani. Akaipeleka kwa mhunzi ikatobolewa, akarudi nyumbani nayo. Akamfunga kiunoni, chini ya nguo. "Nchi imemaliza miaka kumi," akamwambia, "na sisi tutafika." Mchungaji hajui mpaka leo, na mmoja kati yenu akimwambia, nyanya amesema atarudi kutoka kaburini.

"Ulifurahi?" nikamuuliza.

"Nilifurahi sana. Kisha akarudi kazini." Akachukua punje ya maharagwe akaitupa. "Alisema mwaka mmoja. Akaongeza mmoja. Akaongeza mmoja. Mimi nilienda kule mara moja, joto likanifukuza. Yeye alikuja kila Krismasi. Watoto wangu ni watoto wa likizo. Wote walizaliwa Septemba. Muulize huyo mama mkwe wako alizaliwa lini."

Nimemuuliza. Septemba.

"Alirudi kabisa lini?" nikasema.

"Alirudi na koti zuri na kikohozi. Akakaa kidogo. Mwaka ule serikali ilipotimiza arobaini, akafa. Watu wakaniletea hizo shilingi zenu za arobaini kwenye rambirambi, zinang'aa. Nchi ilifika arobaini. Sisi hatukufika popote. Tulikuwa tumeoana miaka mingi na hatukujua anayekoroma ni nani."

Mvua ikaanza kutupa matone mazito, na hakuna aliyeinuka. Kisha akaniuliza, kavu kabisa, bila kunitazama: "Na wako atarudi lini?"

Nikamwambia umeulizwa uongeze mwaka. Nikamwambia umeniuliza mimi, na sijakujibu.

Hakunipa ushauri. Hakusema methali. Alivuta sketi yangu kama anayevuta ng'ombe, akaniambia nisimame, akapitisha ule uzi kiunoni mwangu chini ya blauzi, akafunga fundo akaliloanisha kwa mate.

"Nilivua siku ya mazishi," akasema. "Na hiki kiuno changu uzi hautoshi tena. Wewe vaa. Lakini ukivaa umevaa. Haivuliwi ili mtu aangalie."

"Nyanya, Makori ameitafuta tangu utotoni. Anataka kuiweka kwenye kitabu."

"Kitabu kina kiuno?"

Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyebeba yai. Mama yako aliniona tu namna ninavyopita mlangoni akajua. Akanigusa ubavuni, akaisikia chini ya nguo, akasema "Baba wane," maana yake mama yangu, sasa najua, akaenda nyuma ya jiko akakaa huko kwa muda. Alipotoka alinisongea ugali yeye mwenyewe, mgumu, wa Kikisii, na hakunicheka.

Basi, mpenzi wangu, sasa nipo hapa na albamu. Arobaini inang'aa kwenye kifuko chake. Kifuko cha pembeni bado kina mchoro wako wa penseli, na kitaendelea kuwa hivyo. Nikiinama kufunga viatu, pembe moja hunidonoa. Asubuhi huwa baridi, mchana huwa na joto langu. Ulisema iliyotobolewa imekufa. Mimi nakuheshimu katika mambo yote ya sarafu, lakini hili njoo tulibishane. Hii imelala usingizi na mwanamke kwa miaka thelathini. Imejifungua watoto wa Septemba. Zile za plastiki ndizo zimelala tu.

Najua utataka picha. Najua sasa hivi umeshika simu na moyo wako unadunda kuliko siku ile ya mwavuli. Picha sitatuma. Nyanya amesema haivuliwi ili mtu aangalie, na mahali ilipo, hakuna wa kuitazama ila wewe. Wenzako wa chumbani wakicheka, waache wacheke.

Na hili ndilo jibu langu la Jumapili. Uliniomba miaka arobaini pale kwenye chai, nami nikakubali yote. Hukuniambia mingine itakaa Doha. Mabati yatanunuliwa polepole. Duka tutalianza na meza moja na balbu kumi, mimi nitaongeza omena pembeni, wateja wako watazoea harufu. Mwaka ule mmoja tuliokubaliana, umalize kwa heshima. Wa pili ukiletwa mezani, rudisha kalamu kwa mwenyewe. Mimi sitaki koti zuri. Nataka kujua anayekoroma ni nani. Na watoto wetu, Mungu akitupa, nataka wazaliwe mwezi wowote wanaoutaka.

Sarafu uliyoitafuta kwa makanga imepatikana, Makori. Iko nyumbani, Ikonge. Njoo uzihesabu pembe zake.

Ni mimi mkeo, wa omena, niliyevaa na sivui.